Meza ya televisheni au meza ya filamu: mhariri chipukizi wa Mombasa akae wapi

Swali hili huniijia karibu kila mwezi, na muulizaji huwa yule yule. Ni kijana aliyemaliza kozi fupi, ana laptopu, ameshahariri harusi tano sita za Majengo na Kisauni, mkono umekuwa mwepesi, na sasa ameona milango miwili. Kituo cha televisheni kinatafuta mhariri wa habari na vipindi huku Pwani. Wakati huohuo kuna mwongozaji, rafiki wa rafiki, ana filamu ya hali halisi na hana wa kuikata. Aingie wapi?

Nimekaa kwenye meza zote mbili. Ukizitazama kwa mbali utadhani ni kazi moja: unakaa mbele ya kioo, unapanga shoti, unakata, unatoa faili. Programu yenyewe huenda ikawa ile ile. Tofauti iko katika kile unachokitafuta ndani ya picha, na njia rahisi ya kuionyesha ni kueleza picha ambazo nilizikata mara mbili.

Mzee mmoja, mikato miwili

Tulimrekodi fundi wa mashua upande wa Likoni. Alikuwa akikalafati: anasokota pamba, anaichovya mafuta, anaishindilia kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo ya mti. Tulirudi na saa 6 za picha, na saa moja na nusu ya hizo ilikuwa mahojiano. Kwanza nilitoa ripoti ya televisheni ya dakika 2 na sekunde 20. Miezi mingi baadaye, kutokana na picha zile zile, nikatoa filamu fupi ya dakika 14.

Ripoti ilianza na nyundo. Shoti ya karibu, mlio mkavu, kisha sauti ya mwandishi. Kabla ya sekunde ya 15 mtazamaji alikwishajua yuko wapi, anamwona nani na tatizo ni nini: mbao zimepanda bei, wateja wamehamia boti za faiba, vijana hawataki kujifunza. Mzee mwenyewe alisikika mara mbili, sekunde 12 na sekunde 9. Maamkizi niliyatupa yote. Nanyi mwajua mtu wa Pwani hajibu swali kabla hamjajuliana hali: shikamoo, marahaba, za nyumbani, watoto hawajambo, alhamdulillahi. Siku ile maamkizi peke yake yalikula dakika 4. Kwenye ripoti hayakupata hata sekunde moja, na nilifanya sawa. Mtu anayetazama taarifa ana watoto wanaogombana mbele ya kioo na chungu jikoni, anataka kiini cha jambo.

Kwenye filamu nilianza na maamkizi hayo hayo. Nilipoyatazama mara ya tatu ndipo nilipoona jambo ambalo lilinipita nilipokuwa nikikimbizana na saa: alipoulizwa hali ya watoto, mzee alijibu hawajambo, na vidole vikaacha kusokota pamba. Kabla na baada ya hapo havikusimama. Mbele zaidi aliulizwa ni nani atakayerithi vifaa vyake, akajibu, "Hakuna." Kwenye ripoti nilikata papo hapo na kuweka picha ya bahari. Kwenye filamu nililiacha neno hilo, na baada yake nikaacha sekunde 11 za kimya, mzee akitazama chini, nyundo ya mtu mwingine ikisikika mbali. Hakuna mwandishi anayeeleza kwamba watoto wake hawakuichukua kazi. Vile vidole vya mwanzo vimeshasema.

Kwa hiyo, meza ya televisheni hukuuliza: mtu huyu amesema nini? Meza ya filamu huuliza: amepatwa na nini wakati akisema? Kila tofauti nitakayoitaja hapa chini imezaliwa na hii.

Walter Murch, mhariri wa Marekani, aliwahi kuyapanga mambo sita ya kupimia mkato na kuyapa asilimia. Hisia akaipa 51, hadithi 23, mapigo 10, kisha mambo matatu yanayohusu jicho na nafasi, la mwisho kabisa likapata 4. Hisia peke yake inazidi mengine yote yakijumlishwa. Kwenye filamu nakubaliana naye moja kwa moja, na mkato wenye kasoro ndogo ya mkono uliokuwa juu kisha ukawa chini naupitisha nikijua moyo wa mtazamaji uko mahali pake. Ila ukiipeleka hesabu hiyo nzima nzima kwenye ripoti ya mafuriko utamkosea mtu. Pale habari huja kwanza, na hisia huingia kwa kiasi ambacho habari inaweza kuibeba.

Saa

Taarifa ya habari ya Kiswahili kwenye vituo vikubwa vya Kenya huwa saa moja usiku, ya Kiingereza saa tatu. Ripoti ya Mombasa lazima ifike Nairobi mapema ya kutosha ili ikaguliwe na ipangwe. Picha zikikufikia saa nane mchana, una alasiri tu. Mpiga picha amerudi Changamwe na foleni, kadi ina dakika 50, mwandishi bado anaandika. Unasikiliza mahojiano mara moja, unatia alama, unaanza kukata kabla hujaona zote. Ile ripoti ya mzee niliitoa bila kutazama hata nusu ya zile saa 6. Hilo si uvivu, ndivyo kazi ilivyo.

Faida yake ni kubwa kuliko vijana wanavyodhani. Baada ya mwaka mmoja wa namna hiyo hutaogopa tena taimulaini tupu, ule mstari wa kupangia shoti kwenye programu. Utajua kuamua, na utajua kuishi na uamuzi wako, kwa sababu saa moja ikigonga ripoti inaenda hewani ulivyoiacha.

Filamu inakupa miezi, na miezi hiyo si mapumziko. Unatazama kila kitu. Unaandika kila neno lililosemwa, na kama mhojiwa amezungumza Kidigo au Kigiriama unakaa na mtu anayeijua lugha hasa, sentensi kwa sentensi. Mkato wa kwanza hutoka mrefu, mzito, wa kukatisha tamaa, na hapo ndipo kazi inapoanza. Margaret Sixel alipewa karibu saa 480 za picha za Mad Max: Fury Road. Filamu iliyotoka ni ya saa 2 yenye mikato kama 2,700, na mwaka 2016 ikampatia Oscar ya uhariri. Hapa kwetu, filamu ya hali halisi Softie ya Sam Soko ilipewa tuzo maalumu ya majaji kwa uhariri kwenye tamasha la Sundance mwaka 2020, na nadhani kila mhariri wa Kenya anapaswa kuikalia akiwa na kalamu mkononi.

Kila meza ina ugonjwa wake. Aliyekaa habari miaka mitano bila kutoka huanza kila kitu kwa mlio na shoti ya karibu, hata maziko. Aliyeanzia filamu bila kuwahi kubanwa na saa huwa na miradi mitatu kwenye diski, yote mizuri, yote haijaisha. Wa pili ndiye ninayemhofia zaidi, maana wa kwanza angalau ana kitu cha kuonyesha.

Nani ana neno la mwisho

Kwenye televisheni ni mhariri wa habari au mtayarishaji, na pengine humwoni uso, ni ujumbe tu kwenye simu: punguza sekunde 20, toa yule wa pili. Unatoa. Hakuna mjadala wa falsafa, na wala usijenge kinyongo.

Kwenye filamu mtu wako ni mwongozaji, na uhusiano huo unakaribia ndoa. Mhariri Thelma Schoonmaker amekata filamu za mwongozaji Martin Scorsese tangu miaka ya 80 mwanzoni, na Oscar zake tatu zote ni za filamu za mtu huyo mmoja. Mhariri mzuri wa filamu ni mtu anayeweza kumwambia mwongozaji, kwa adabu na kwa ushahidi, kwamba shoti aliyoisubiri siku nzima juani inaiua filamu. Kama umelelewa, kama wengi wetu, kutombishia mkubwa wako, hili litakuwa gumu kuliko programu yoyote. Mimi hutumia njia moja: natengeneza mikato miwili, wa kwake na wangu, naonyesha yote kwa zamu bila kusema ni ipi ya nani. Picha yenyewe ikizungumza, hakuna aliyevunjiwa heshima.

Tamthilia, mlango wa katikati

Wengi huisahau. Tamthilia ya televisheni ina waigizaji na hisia kama filamu, na ina ratiba kama habari. Nafasi ya nusu saa, ukitoa matangazo, hukuachia dakika 20 na ushei, na kila sehemu lazima iishie mahali ambapo mtu hatainuka tangazo likija. Unajifunza kulinganisha mkono, kikombe na ushungi kati ya shoti na shoti, unajifunza kukata mazungumzo ya watu wawili mpaka mtazamaji asahau kuwa kamera ilihamishwa. Pia unajifunza kutazama uso wa anayesikiliza. Vijana wa harusi karibu wote humwonyesha anayesema tu, kama wanafuata mpira. Anayeambiwa mara nyingi ndiye mwenye tukio.

Ningepata nafasi ya tamthilia nikiwa na umri wa miaka 22 nisingeulizia habari wala filamu.

Sauti, hasa ya mji huu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wahariri wetu wengi huangushwa na sauti kabla ya picha.

Mombasa ina kelele zenye mpangilio. Chukua adhana. Ukihoji mtu Mji wa Kale alasiri, adhana itaingia nyuma ya maneno yake. Ukikata sentensi yake katikati na kuunganisha na nyingine, adhana nayo imekatika: ilikuwa "hayya ala-s-salah", sasa imerudi mwanzo. Mtazamaji wa Nairobi huenda asigundue. Wa Kibokoni atagundua na ataumia, na haki yake. Kwenye ripoti unaweza kujinusuru, unaishusha na kuweka sauti ya mwandishi juu. Kwenye filamu huna pa kujificha. Ama unaliacha jibu lote kama lilivyo, ama unamtafuta mzungumzaji mahali pengine. Mimi siku hizi huomba kamera isimame adhana ikianza, tusikilize, kisha tuendelee. Tunapata heshima na tunapata sauti safi.

Upepo ni wa pili. Kusi ikivuma, Juni na Julai, maiki isiyo na manyoya ufukweni hairekodi mtu, inarekodi upepo, na hakuna kitufe cha kuyarudisha maneno yaliyopeperushwa. Habari huvumilia, maana mtazamaji akiona nguo zinapepea hukubali. Filamu haivumilii dakika 14 za namna hiyo.

La tatu ni ukimya wa mahali. Baada ya kila mahojiano mwombe mpiga picha arekodi sekunde 60 bila mtu kusema neno, mahali palepale. Feni ya chumba cha Tudor hailii kama ya Mtwapa. Zile sekunde 11 za mzee zilikuwa na kikohozi cha mpiga picha ndani yake. Nilikitoa na nikaziba kwa ukimya wa ufuo ule ule. Bila hizo sekunde 60 ningekuwa na shimo, na shimo kwenye sauti husikika kuliko kikohozi.

Kwa viwango: kipimo cha Ulaya kiitwacho R128, kilichotolewa 2010, huweka wastani wa LUFS −23 kwa televisheni (LUFS hupima ukubwa wa sauti inavyosikika). Uliza kituo chako kinataka kipimo gani kabla ya kuanza, si baada ya faili kurudishwa.

Mambo ya ufundi, kwa haraka

Televisheni yetu ni fremu 25 kwa sekunde, sinema ni 24. Filamu ya dakika 90 ya fremu 24 ikichezwa kwa 25 inaisha kwenye dakika ya 86 na ushei, na sauti inakuwa nyembamba kidogo, kwa hiyo amueni mapema kazi inaenda wapi kwanza. Umeme wetu ni wa Hz 50. Anayepiga picha kwa simu, fremu 30, chini ya taa za tyubu atakuletea picha inayopepesa, na kuitibu mezani ni mateso. Mwambie mpiga picha atumie fremu 25 na shata ya 1/50, yaani kila fremu ipate mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde.

Kuhusu ruhusa, filamu ya kuonyeshwa hadharani hupita kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya na kupewa daraja: wote, kwa uangalizi wa mzazi, 16 au 18. Televisheni ina saa zake za kulinda watoto, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na mhariri wa zamu ndiye wa kwanza kulaumiwa picha ya damu ikipita.

Programu na stima

Hapa watu hugombana bure. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotoa picha hadi 3840 kwa 2160, na lile la kulipia ni dola 295 mara moja tu. Premiere Pro hulipiwa kila mwezi au mwaka. Final Cut Pro ni ya kompyuta za Apple pekee. Avid, iliyoanza kuuzwa 1989, bado ndiyo ya kampuni kubwa za filamu za ng'ambo. Ukienda kituoni utatumia waliyonayo, ukienda filamu utatumia unayoimudu, na kwa kijana wa hapa jibu langu ni Resolve, kwa sababu kukata, rangi na sauti vimo humo humo na hakuna siku itakayokufungia kazi yako kwa kuwa hujalipa.

Diski ndiyo habari. Kituoni kuna hifadhi ya pamoja na mtu wa kuilinda. Nyumbani ni wewe, joto, chumvi ya bahari na stima inayopotea bila kuaga. Niliwahi kupoteza kazi ya wiki tatu kwa diski moja niliyoiamini, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo kila kadi ninaiweka mahali patatu, na nakala moja hailali nyumba moja na nyingine. Nunua diski ya pili kabla ya kununua kioo kikubwa.

Pesa

Televisheni ina mshahara au malipo ya zamu, na utajua kodi ya nyumba itatoka wapi. Filamu hulipa kwa mkupuo, ikichelewa, na mara nyingine ikitegemea ruzuku ambayo haijaja. Ukikubali kukata filamu kwa ahadi, andikianeni, hata kama ni binamu yako. Taja idadi ya marekebisho, maana "kidogo tu" haina mwisho.

Na harusi msizidharau, hasa dada zangu. Usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu na familia nyingi haziwezi kumpa mwanamume picha hizo hata za kuhariri. Mhariri mwanamke anayeaminika, anayejua kwamba picha zile haziendi mtandaoni, hana siku za wikendi zilizo wazi. Nimewaona wakigharamia filamu zao kwa kazi hiyo.

Basi nani aende wapi

Kama hujawahi kumaliza kazi yako mwenyewe, nenda televisheni. Kaa miaka miwili, usizidi mitatu kwenye habari tupu. Ikipatikana tamthilia, hamia huko.

Kama unaweza kusikiliza mahojiano ya saa moja na nusu mara ya tatu na bado ukasikia jambo jipya, na kama kuna mtu wa kukusaidia kodi kwa mwaka mmoja, chukua filamu ya yule rafiki wa rafiki. Lakini kwanza omba kutazama futeji siku mbili. Kama mwongozaji hawezi kukuambia ni mtu gani anamfuata na kwa nini, utakuwa unakata ukungu.

Kama una familia inayokutegemea sasa hivi, televisheni mchana na filamu ya dakika kumi usiku, yako mwenyewe, kuhusu mtu wa mtaa wako. Wengi wanaofanya kazi nzuri Pwani hii ndivyo walivyofanya.

Na kama bado huna hakika, chukua picha za harusi yoyote ambayo wenyewe wamekuruhusu. Zikate mara mbili. Wa kwanza uwe sekunde 90, anza baada ya adhuhuri, uwe umeisha kabla ya alasiri, na uuache ulivyo hapo hapo. Wa pili uwe dakika 10, bila muziki hata kidogo, wiki nzima ni yako. Niletee yote, lakini kabla ya kuleta andika kwenye karatasi ni shoti gani uliyoiona kwa mara ya kwanza wakati wa mkato wa pili. Ukirudi na karatasi tupu, tutaanza na habari.